Spika wa Isevya

Isevya, Tabora
9 Februari 2024

Mume wangu Revocatus,

Natumaini barua hii inakukuta huko porini ukiwa mzima, umekula, na shati umefua. Mimi sijambo. Magoti tu ndiyo yananikumbusha kila asubuhi kwamba nilizaliwa kabla ya Uhuru. Mvua ya mwaka huu imetupendelea, karanga zimeota hata pale ambapo sikuzipanda. Shangazi yako Imakulata amepata mjukuu wa tatu, wa kike tena, na amenuna kama vile mtoto aliulizwa akakataa kuwa dume. Misa ya kumwombea babu yako, kutimiza mwaka, tuliifanya tarehe ishirini na nane. Watu walijaa, na nafasi yako niliiona iko wazi.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Fundi wa mtaa wa Ng'ambo ameifungua, ameitazama kama daktari anayetafuta maneno, akasema nimwachie. Nimemwachia. Na wewe mwenyewe hupati mtandao mpaka upande kichuguu. Basi tuandikiane. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika barua, nataka kuona kama bado unajua.

Sasa jambo lenyewe, yule mtoto wa mbwa uliyenitumia.

Kondakta wa basi alinikabidhi boksi la sabuni lenye matundu, na ndani kulikuwa na kitu cha ukubwa wa kiatu. Uliandika kwamba anaitwa Simba, na kwamba atakuwa mwenzangu kwa kuwa tangu babu yako afariki nashinda peke yangu. Nikasema, mume wangu kweli ananipenda. Revocatus, huyu mtoto anabweka. Anabwekea kuku. Anabwekea ndoo. Juzi upepo ulifungua mlango, akaubwekea. Ulipojifunga, akaubwekea tena kwa kosa la kujifunga. Nikimkemea anafurahi na kuongeza.

Unamfahamu Mwalimu Sikuzani, jirani yangu. Amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na hapa mtaani kuna wazee wenye wajukuu ambao bado wakimwona wanaficha mikono. Alisimama upande wake wa ua wa minyaa, akamnyooshea kidole, akasema, "Wewe. Kimya." Mbwa akakaa chini, akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akamjibu kwa dakika kumi. Tangu siku hiyo Mwalimu hamwiti Simba. Anamwita Spika, kwa sababu ni kama ile spika ya muuza sumu ya panya sokoni, inayorudia maneno yaleyale kutwa. Mtaa mzima umelichukua jina hilo, na mbwa mwenyewe analiitikia.

Lakini si mzaha tu. Mwalimu kichwa kinamuuma kweli. Suala la mbwa na mkeka wake wa kuswalia tulilimaliza, kamba haifiki kwake. Ni kelele. Ametupa mpaka mwisho wa Machi, baada ya hapo anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na mimi sitaki kugombana na mtu niliyekaa naye ua kwa ua miaka ishirini na sita.

Wewe ni bwana mifugo. Nifundishe kumnyamazisha, au njoo umchukue.

Ni mimi mkeo unayemkimbia,
Koleta


Uvinza, Kigoma
26 Februari 2024

Mke wangu Bibi Koleta,

Shikamoo. Barua yako ilikaa ofisini wiki nzima kwa sababu nilikuwa kwenye josho la kuogeshea ng'ombe. Mimi mzima, nakula, na shati nimefua. Hilo la mwisho nimelifanya baada ya kusoma barua. Pole kwa magoti. Mpe shangazi hongera hata kama hataki. Kuhusu misa, nilijitahidi, mvua ikakata daraja dogo. Nilikaa peke yangu nikamkumbuka babu.

Kazi inaendelea. Wiki iliyopita nilisukuma pikipiki yenye pancha kilomita saba kwenye tope, kwenye njia ile ambayo wazee wa hapa wanasema ndiyo waliyopita wapagazi wa zamani kwenda Ujiji. Niliwaonea huruma wapagazi, na mimi mwenyewe nikajionea.

Kuhusu Simba, maana mimi simwiti Spika. Bibi, mbwa mdogo habweki bure, hata kama wewe unaona ni bure. Anabweka kwa sababu anaogopa, au anataka kitu, au amechoka kukaa bila kazi, au ameachwa peke yake. Kwanza, usimkemee kwa sauti. Ukipaza sauti anadhani mnabweka wote wawili, na anashukuru kupata msaada. Pili, akinyamaza mwenyewe, hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, kisha mpe dagaa mmoja. Tatu, asubuhi kabla ya jua kali mtembeze hata mpaka dukani, achoke. Nne, mpe mfupa wa kutafuna. Na asifungwe kamba kutwa nzima.

Halafu nifanyie kitu kimoja ninachowaambia hata wafugaji wa huku. Kwa wiki moja andika kila anapobweka: saa ngapi ameanza, saa ngapi ameacha, na nani alikuwepo. Ugonjwa wa mnyama hujulikana kwa kuangalia, si kwa kukisia.

Mwombe Mwalimu Sikuzani uvumilivu. Mwambie mimi ni yule aliyechapwa naye kwa kushindwa jedwali la saba, na sina kinyongo.

Mumeo mwaminifu,
Revocatus


Isevya
20 Machi 2024

Mume wangu,

Habari za siku nyingi. Hapa wote wazima. Nimeanika michembe ya viazi, ukija utaikuta, usipokuja ataila Mwalimu. Umesikitika kwa sababu ya pancha. Babu wa babu yako alikwenda njia hiyohiyo mpaka Ujiji na mzigo kichwani, na sijasikia kwamba alipata pancha hata moja.

Dawa zako nimezijaribu. Nilimpa dagaa akinyamaza. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, siku ya pili ikaenda vizuri zaidi. Siku ya tatu nikagundua anabweka mara tatu makusudi, ananyamaza, ananitazama usoni na kusubiri. Nikichelewa kuhesabu, anarudia mara tatu nyingine. Sijui ni nani anayemfundisha mwenzake. Mfupa ameuzika kwenye karanga zangu, kisha akabwekea mahali alipouzika.

Kwa haki nitasema hivi: ninapokuwepo nyumbani, amepungua. Asubuhi namtembeza mpaka dukani, anarudi amechoka, analala miguuni kwangu. Mwalimu ndiye anayelalamika kwamba nikiondoka tu, mambo yanaharibika. Kwa hiyo kazi yako ya kuandika saa nimempa yeye. Ameifurahia kupita kiasi. Ametoa kalamu nyekundu. Nakunakilia alichoandika, neno kwa neno:

"Jumatatu: saa nne na robo mpaka saa saba, bila kituo. Saa saba na nusu mpaka saa tisa, kwa kulia. Jumanne: vilevile. Jumatano: saa nne na dakika ishirini mpaka saa tisa kasoro, alipumzika kunywa maji. Alhamisi: vilevile. Ijumaa: alibweka nilipokuwa naswali adhuhuri, na baadaye hakuomba radhi. Jumamosi: vilevile. Jumapili: alianza saa nne kamili. Nani alikuwepo: hakuna. Maoni ya mwalimu: ana sauti nzuri, hana nidhamu. Aongeze bidii katika kunyamaza."

Ameniongezea mwezi mmoja baada ya Pasaka. Mimi nina shughuli zangu za kanisa kipindi hiki, sishindi nyumbani. Niambie nifanye nini.

Koleta wako


Uvinza
4 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mlisherehekea Pasaka kwa amani. Mimi nililiwa na mbu kanisani, sina habari nyingine.

Nimesoma maandishi ya Mwalimu kama ninavyosoma kadi ya ng'ombe mgonjwa. Mbwa hana ubaya. Anaachwa peke yake kwa muda wa saa tano kila siku, naye bado ni mdogo, anakuita tu. Hilo lina dawa, nitakueleza.

Lakini nimebaki na swali jingine. Bibi, saa nne mpaka saa tisa, siku saba, hata Jumapili baada ya misa. Jumuiya yenu hukutana Alhamisi jioni, nimekua nikikubebea kiti. Hakuna shughuli ya kanisa ya namna hiyo, labda kama wamekupa upadre. Halafu simu imekaa kwa fundi miezi miwili. Hata gari la Mjapani halikai kwa fundi miezi miwili.

Mwendo wa miguu kutoka kwako, saa sita mchana, saa ya kuona wagonjwa, kisha kurudi. Nimepiga hesabu nikafika hospitali ya Kitete. Unaumwa nini? Niambie kabla sijapanda treni. Usinitanie katika jibu la hili.

Revocatus


Isevya
15 Aprili 2024

Mwanangu Revocatus,

Siumwi. Naapa mbele ya picha ya babu yako, siumwi.

Anayeumwa ni baba yako.

Alishuka kwenye treni ya Mpanda tarehe kumi na saba Januari, na mtu aliyemfahamu akamleta hapa kwenye baiskeli. Sikumtambua kwanza. Nilimwambia, "Karibu, baba, unamtafuta nani?" Akasema, "Mama, ni Hilari." Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeoza. Ni kisukari, alikaa nacho huko machimboni bila kujua, akiufunga mguu kwa matambara. Kitete walijitahidi mwezi mzima, mwisho wakaukata chini ya goti. Kidonda hakifungi haraka kwa sababu ya sukari. Kila siku nampelekea uji na mboga, namlisha, namsikiliza, narudi. Hakujua kwamba babu yako amekufa. Ni mimi niliyemwambia, pale kitandani, siku moja kabla ya misa.

Ulipokuwa na miaka kumi na minne ulinikataza nisilitaje jina lake mezani. Nikakubali, nimekaa na ahadi hiyo miaka kumi na mitano. Ndiyo maana simu imelala kwa fundi. Alikwisha kuitengeneza siku ya tatu. Kwenye simu ungesikia sauti yangu ukaniuliza, na mimi nisingeweza kukudanganya. Kwenye karatasi nimeweza kidogo.

Yeye hajaniomba chochote kwako. Mbwa bado anabweka.

Bibi yako,
Koleta


Isevya
30 Mei 2024

Mume wangu,

Salamu. Ni wiki ya sita, na kwenye sanduku la posta sijapata kitu. Sikuulizi. Nakuandikia kuhusu mbwa tu, kwa kuwa wewe ni bwana mifugo na serikali inakulipa kwa hilo.

Baba yako alitoka wodini tarehe sita Mei. Nimempa chumba chako, kwa sababu ndicho kisicho na ngazi mlangoni. Vitabu vyako viko kwenye kabati langu, kila kimoja. Siku ya kwanza Spika alipoona magongo alibweka mpaka sauti ikakauka, akabaki anafungua mdomo tu. Siku ya pili alibweka akiwa uvunguni. Baba yako hakumkemea wala kumwita. Anakaa kwenye kigoda karibu na jiko tangu asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa hana pa kwenda. Siku ya tatu nilitoka sokoni nikakuta mbwa amelala, kichwa kakiweka kwenye kiatu chake kimoja.

Tangu siku hiyo, kimya.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Sikuzani alikuja mpaka mlangoni, jambo ambalo hajalifanya tangu mbwa afike. Akasema kwa sauti ya msibani, "Koleta, nimekuja kukupa pole. Amekufa lini?" Nikamwambia, "Nani?" Akasema, "Spika. Siku nne sijamsikia, na mimi nilimsema vibaya." Nilipomwonyesha, akasimama akawatazama wote wawili kwa muda mrefu. Hilari alikuwa mwanafunzi wake pia. Alimwambia, "Hilari, ulichelewa kurudi toka mapumziko." Baba yako akajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Basi. Mwalimu akarudi kwake, na jioni akaleta mchuzi.

Kesi ya mwenyekiti wa mtaa imefutwa.

Simu niliichukua. Iko mezani. Ukitaka kupanda kichuguu, panda.

Koleta


Uvinza
17 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Niliipokea ile ya Aprili siku ya kuogesha ng'ombe, nikaiweka kwenye boksi la spana la pikipiki, nikatembea nayo vijiji kumi na kimoja. Nimeanza barua nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo usingependa yatoke kwa mtu uliyemlea, nikaichoma. Kichuguu sitapanda. Kama wewe kwenye simu huwezi kudanganya, mimi kwenye simu sitaweza kuongea.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa amekufa miaka mitano kabla. Mwanao alinileta kwenu na begi moja, akasema anakwenda Mpanda wiki mbili, atarudi na viatu vya shule. Nilikuwa nimeota kwamba vitakuwa na kamba za rangi. Wiki mbili zilipoisha, babu aliniambia machimbo yana mvua. Baadaye akaacha kuniambia kitu, akaninunulia viatu yeye. Mimi sikulia, unakumbuka. Nilijifunza kufunga kamba.

Sasa nasikia amelala kitandani kwangu. Sawa, ni mgonjwa, na ngazi ni ngazi. Lakini bibi, yule mbwa nilimchagua mwenyewe kati ya watoto saba. Nilimchagua kwa sababu alikuwa wa kwanza kunijia. Nilimtuma kwako, akubwekee wewe. Hata mbwa amehamia kwake. Nimecheka nilipofika hapo, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Nataka kujua kama aliwahi kuuliza habari zangu. Usinijibu.

Kuna jambo la kazi, na hili ni la haraka. Mbwa anatakiwa kuchanjwa kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu. Huyu ana sita. Nimewachanjia watu wa tarafa nzima na nimewasema wale waliochelewa, kumbe mbwa wa bibi yangu hana cheti. Hasira ilinisahaulisha. Kampeni ya chanjo kwenye kata yenu naona imepangwa wiki ya kwanza ya Julai, uwanja wa ofisi ya kata. Mpeleke. Kama magoti hayataki, mtafute mtu. Usiiache ipite, kwa ajili yako, na ya Mwalimu, na ya kila aliyemo humo ndani.

Revocatus


Isevya
10 Julai 2024

Mume wangu mpendwa,

Sisi wazima, baridi tu. Imakulata sasa anambeba yule mjukuu wa kike asubuhi mpaka jioni, hataki kumpa mama yake.

Umesema nisikujibu, kwa hiyo sikujibu. Nakueleza tu habari za chanjo.

Nilimsomea baba yako sehemu ile ya kazi. Ile ya juu sikuisoma, ni yako. Akaniuliza ni siku gani, nikamwambia Jumatano. Jumatano alfajiri nikamkuta amevaa shati la babu yako, amejifunga kamba ya mbwa kiunoni, kwa sababu mikono yote ina magongo. Nikasema, "Hilari, ni mbali, tutafute bodaboda." Akasema, "Mbwa hatakubali bodaboda. Mimi nitakwenda polepole." Wewe unaujua mwendo wa kutoka hapa mpaka kwenye kata, mtu mzima ni dakika ishirini. Yeye alitumia saa nzima na nusu. Nilikwenda nyuma yake na magoti yangu. Nyuma yangu akaja Mwalimu Sikuzani na mwavuli, akidai anakwenda kuangalia bei ya nyanya, na nyanya ziko upande wa pili wa mji.

Karibu na uwanja kulikuwa na mbwa kama themanini, kila mmoja ana maoni yake. Spika akasikia wenzake, akakumbuka kipaji chake. Akaruka, kamba ikavuta, baba yako akaenda chini, magongo huku, yeye kule. Watu wakaguna. Kabla sijafika, Mwalimu alikwisha kuzungusha mtandio mkononi, ameshika kamba ya mbwa, mkono ameunyoosha mbali kama anayebeba nyoka. Miaka ishirini na sita sijamwona akikaribia mbwa. Akamwambia, "Wewe. Kimya." Na safari hii alinyamaza. Baba yako aliinuka mwenyewe. Alikataa mkono wangu, akajivuta kwa gongo moja, akajipangusa vumbi, akarudi kwenye foleni palepale alipokuwa.

Tulipofika mezani, dada wa chanjo akauliza, "Jina la mbwa?"

"Spika," akasema.

"Jina la mwenye mbwa?"

"Revocatus Hilari."

Dada akatazama juu. "Ndiye wewe?"

"Hapana. Yeye ni afisa mifugo, yuko Uvinza. Ni mtaalamu, ndiye aliyesema achanjwe."

"Na wewe ni nani yake?"

Hapo alirekebisha magongo kwapani mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Kisha akasema, "Andika kwamba nimemleta kwa niaba yake. Huyo ni mwanangu, lakini sina ruhusa ya kusema hivyo."

Yule dada hakujua aandike nini. Akaandika "mleta mbwa". Cheti kimo ndani ya bahasha hii, ni mali yako, kina jina lako. Chanjo ya marudio ni mwakani, mwezi kama huu.

Kurudi alikubali kupumzika mara mbili. Mwalimu hakununua nyanya.

Mkeo,
Koleta

Uvinza
12 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Karatasi ya pili iliyokunjwa si yako. Najua utaisoma. Basi angalau msomee kwa sauti, usiongeze maneno.

Mumeo


Mzee Hilari,

Shikamoo.

Cheti nimekipata. Asante kwa kumpeleka. Kosa moja: mbwa anayeingia kwenye kundi asifungwe kiunoni kwa mtu, hata mwenye miguu miwili. Shika kamba mkononi, au mfundishe kwanza kukaa. Anaweza kujifunza, ana akili. Kila asubuhi mpe neno moja, dakika tano, dagaa mmoja. Akibweka kwa sababu amesikia mtu mlangoni, mwache abweke mara mbili, hiyo ni kazi yake. Ya tatu mwambie basi, kwa sauti ya chini. Mwalimu asikie tu kwamba nyumba ina mlinzi.

Mguu uliobaki uangalie kila jioni, unyayo na katikati ya vidole. Wewe mwenyewe huwezi kuona chini, mwambie bibi akushikie kioo. Usitembee peku hata ndani. Dawa usikatishe unapojisikia nafuu. Nimeona ng'ombe wengi wakipotea kwa sababu mwenye ng'ombe aliona amepona.

Bado nina hasira. Sijui itaisha lini, na sitaki mtu aniharakishe. Sijaandika barua hii kwa sababu imeisha. Nimesoma habari za pale mezani mara nyingi kuliko nilivyotaka, nikiwa kazini, nikiwa nakula, na mara moja nikiwa na sindano mkononi na mwenye ndama ananisubiri.

Nina maswali ambayo karatasi haiyatoshi. Mengine utayajibu vibaya, najua, na nitayauliza hivyohivyo. Likizo yangu inaanza tarehe ishirini na moja Desemba. Kitanda kaa nacho, nitalala sebuleni.

Ukiulizwa tena mahali popote wewe ni nani wangu, sema. Hiyo ruhusa nakupa.

Mpaka Desemba, usiondoke.

Revocatus Hilari